Mchujo wa Njaa

Ukiingiza jeni mpya katika bakteria, walio wengi hawaipokei, na kwa macho huwezi kumtambua aliyeipokea. Tangu wanasayansi Cohen na Boyer walipofungua njia mwaka 1973, desturi imekuwa kuifunga jeni hiyo pamoja na jeni ya usugu dhidi ya antibiotiki kama ampisilini, kisha kumwaga antibiotiki hiyo. Wasiopokea wanakufa. Njia hiyo ni ya haraka, sikatai. Ila jeni za usugu huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, na wodi zetu zina usugu wa kutosha tayari.

Mimi nawasifu mafundi wa hamira. Mwaka 1978, Hinnen, Hicks na Fink wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichukua hamira isiyoweza kujitengenezea lusini, mojawapo ya asidi amino, wakaipa plasmidi, yaani kipete cha DNA, yenye LEU2, jeni ya kutengeneza lusini, wakaipanda kwenye chakula kisicho na lusini. Seli zilizopokea zikaota, nyingine zikashindwa. Hapakuhitajika sumu yoyote. Tena plasmidi hailindwi na mtu: seli ikiitupa, imetupa riziki yake.

Ustadi ulizidi mwaka 1984, Boeke na wenzake walipoonyesha kazi ya asidi ya fluoro-orotiki. Seli yenye jeni URA3 huota pasipo kulishwa urasili, kijenzi cha RNA, lakini ikipewa asidi hiyo huigeuza kuwa sumu ya kujiulia. Kwa hiyo jeni ileile inakuchagulia waliopokea leo, na kesho inakuchagulia walioiacha. Sijaona chombo cha maabara chenye akili kuliko hicho.

Gharama ipo. Supu nono ya maabara ina lusini na urasili ndani yake, na humo mchujo haufanyi kazi. Lazima chakula kichanganywe kwa vipimo, kirutubisho kimoja kimoja, na hamira hukua polepole. Mwenye pupa atarudi kwenye ampisilini.

Huko Ghent, Ubelgiji, Steidler na wenzake walitumia njaa hiyohiyo kama ulinzi, ili bakteria waliobadilishwa wasisambae. Mwaka 2003 walieleza walivyoondoa thyA, jeni ya kutengeneza thimidini ya DNA, katika Lactococcus lactis, bakteria wa jibini, wakaweka mahali pake jeni ya binadamu ya intalukini-10, protini inayotuliza uvimbe. Bakteria huyo hufa asipopata thimidini au thimini, na hakubaki na jeni ya usugu. Baadaye wagonjwa wa Crohn, ugonjwa wa uvimbe wa utumbo, walimeza bakteria hao katika jaribio la Amsterdam lililochapishwa mwaka 2006.

Walimu wa baiolojia wa vyuo vyetu, somo la kwanza la kuhamisha jeni lianze na hamira na sahani isiyo na lusini. Ampisilini ingoje.