Mficha Maradhi na Vitenzi Vyake

Methali ni moja, lakini nimeisikia kwa vitenzi viwili. Wapo wasemao "mficha maradhi kilio kitamfichua," na wapo wasemao "mficha maradhi kifo humuumbua." Watu huzitumia kama vile ni kitu kimoja. Mimi sioni hivyo.

Ya kwanza ina kilio. Mtu ameugua kimya chumbani, majirani hawana habari, mpaka alfajiri moja wanasikia wanawake wanalia. Ndipo wanajua kwamba nyumba ile ilikuwa na mgonjwa. Tazama pia kile kiambishi: alichokificha ni maradhi, anayefichuliwa ni yeye. Lawama imo, ila ni lawama ya jirani aliyenyimwa nafasi ya kuleta uji. Ya pili haina jirani. Kuumbua ni kinyume cha kuumba, ni kuliharibu umbo lililokwisha kuumbwa, na kwa hiyo kumwaibisha mtu mbele za watu. Kifo hapo hakitoi habari, kinamvua mtu nguo. Na ajabu ni kwamba tukimzika mtu husema tumemsitiri. Basi waliokuja na methali ya kumuumbua marehemu ndio haohao wanaoshika jeneza kwenda kumsitiri.

Kiswahili kina utajiri katika sauti moja tu, ile -u- inayopindua tendo: ficha ikawa fichua, funika ikawa funua, fumba ikawa fumbua, fukia ikawa fukua. Kila kitenzi cha namna hii kinabeba kumbukumbu ya kilichotangulia. Huwezi kufichua bila kudokeza kwamba kuna aliyeficha, na aliyeficha ana la kujibu. Kufunua hakumtuhumu mtu: chungu kilifunikwa ili mchuzi usipoe, sasa wageni wamefika. Nadhani ndiyo maana kitabu cha mwisho cha Biblia kinaitwa Ufunuo. Kiite Ufichuzi wa Yohana uone, kitasomeka kama ripoti ya kamati teule ya Bunge. Kufumbua nako kunamtaka mwenye macho afanye kazi. Fumbo hulifumbua anayeumiza kichwa.

Vichwa vya habari havina subira na haya. Afichua, aanika, atoboa siri, afunguka: vinapishana ukurasani kana kwamba mhariri amechovya mkono kwenye kapu akatoa chochote kilichokuja. Lakini ukivisoma kwa muda utaona kapu lina mpangilio wake. Mwanasiasa akiwataja waliokula fedha za umma, amefichua. Mwanamke akimtaja aliyemdhulumu ndani ya nyumba, ameanika mambo ya ndani. Mara nyingine anaambiwa amejianika. Kuanika ni neno la nguo na mtama, vitu vinavyotandazwa juani kila apitaye avione. Wote wawili wamesema lililokuwa halisemwi. Mmoja kapewa kitenzi cha shujaa, mwingine kapewa kamba ya nguo.

Uhakiki wetu nao umeambukizwa. Karibu kila riwaya, tukisoma maelezo ya jalada au miongozo ya wanafunzi, "imefichua uozo uliomo katika jamii." Nachukua mfano wa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kwa muda ikapigwa marufuku shuleni. Ilifichua nini? Kwamba kuna baba mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana? Kwamba binti aliyefungiwa hivyo, akifika chuoni, hana pa kujifunzia namna ya kukataa wala kukubali? Msomaji wa mwaka ule alikuwa akiyajua hayo kwa majina ya watu wa kijijini kwake. Hakuna aliyekuwa ameyaficha. Yalikuwa yamefunikwa tu, kwa kawa la heshima ambalo wote tulilishika ukingo. Kezilahabi alifunua, na hasira iliyomwangukia ni ya watu walioonyeshwa chakula chao wenyewe.

Wanaofichua, kwa maana kali ya neno, wamo ndani ya riwaya, na ndio wanaomuua Rosa. Zakaria anaishika barua. Charles, mchumba, anaushika ukweli kwamba Rosa si bikira, anaondoka naye Rosa anajiua. Siri za binti huyu kila mara zinapatikana, hazitolewi. Ninavyoisoma mimi, msiba wa kitabu hicho hauko kwenye dhambi bali kwenye sarufi: mna watu wengi wa kumfichua Rosa na hamna hata mmoja wa kumwambia.

Kumwambia. Kitenzi hiki hakina -u- ya kupindua wala hakidai kwamba kuna lililofichwa. Kinachodai ni mtu: huwezi kuambia hewa. Hapo ndipo ninaporudi kwenye maradhi, kwa sababu ugonjwa mmoja umetuonyesha bei ya kitenzi kibaya. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na lugha ikaanza mara moja kukwepa: Juliana, ngoma, kukanyaga waya. Matangazo ya vifo yakasema "baada ya kuugua kwa muda mrefu," na kila msikilizaji akajaza mwenyewe. Mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, aliposema hadharani mwaka 1989 kwamba anao, alifanya jambo ambalo Kiswahili chetu kilikuja kuliita kujitangaza. Neno la sokoni hilo. Mwenye duka hujitangaza, mgombea hujitangaza. Baadaye washauri wa zahanati wakaleta "kujiweka wazi," ambalo ni afadhali, ingawa linaniletea picha ya mlango usiku, kitasa hakifungi.

Sitetei kuficha. Nasema tu kwamba mgonjwa aliyekua akiambiwa kwamba kifo kitamuumbua ana kila sababu ya kungoja, maana akisema leo anajiumbua mwenyewe mapema. Methali iliyotungwa kumtoa chumbani inamfungia humo.

Shangazi yangu alikaa na hali yake karibu miaka mitatu. Dawa zilikuwa zimekwisha kuanza kutolewa bure, na alikuwa akizificha ndani ya kopo la majani ya chai. Ndugu mmoja alitaka kumsaidia akamuuliza atajiweka wazi lini. Hakujibu. Miezi kadhaa baadaye nilikwenda kumsalimia, akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya mkaa, "Nimewaambia wanangu." Nikamuuliza wamesemaje. Akasema mkubwa alinyamaza, na mdogo aliuliza vidonge vinamezwa saa ngapi.