Bembelezi la Mto Tana lilivyogeuzwa wimbo wa taifa

Chukua ubeti wa kwanza wa wimbo wa taifa wa Kenya, uuhesabu mizani kama ulivyofundishwa darasani. Utapata 7, 8, 10, 8, 7, kisha 9. Vina vinashikana katika mishororo miwili ya mwanzo, halafu kila mmoja unakwenda zake. Mshairi wa Lamu akiletewa ubeti wa namna hiyo ataurudisha bila kuufikisha mwisho. Hata hivyo uwanja mzima wa watu huuimba na hakuna anayejikwaa. Siri ni kwamba maneno hayo hayakutungwa yawe shairi. Yalikatwa yaenee kwenye mahadhi yaliyokuwako kabla yake, na mahadhi hayo ni ya bembelezi, wimbo ambao Wapokomo wa kandokando ya Tana walikuwa wakiwalazia watoto.

Habari yenyewe kwa ufupi inajulikana. Mwaka 1963, Kenya ikijiandaa kwa uhuru, jopo la watu 5 lilipewa kazi ya kutengeneza wimbo: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Mahadhi ya Kipokomo yanahusishwa na Mzee Meza Morowa Galana wa Tana River. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba bendera ilipanda, wimbo ukapigwa. Vitabu vya shule huishia hapo. Mimi nataka kuangalia kazi iliyofanyika katikati, kwa sababu ni kazi ya fundi na alama za makasi bado zinaonekana.

Kwanza, mafundi wenyewe. Hyslop alikuwa afisa wa muziki wa serikali ya kikoloni, na mwaka 1964 alichapisha kitabu cha mwongozo kwa walimu wa muziki na wa kwaya. Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, baadaye aliandika kitabu juu ya muziki wa asili wa Kenya, kikatoka 1986. Omondi alikuja kuandika tasnifu ya udaktari juu ya thum, ala ya nyuzi ya Waluo ambayo wengi wetu tunaiita nyatiti. Watu wa jopo hili walikuwa na sikio moja kanisani na jingine kijijini. Wangekuwa na la kanisani peke yake, tungepata utenzi wa ibada wenye bendera juu yake. Majirani walikwenda njia nyingine: Tanganyika ilichukua wimbo wa dini wa Enoch Sontonga, ulioandikwa Afrika Kusini mwaka 1897, nayo Uganda ikaimba wimbo wa mtunzi mmoja, George Kakoma.

Kwa nini Tana? Ninaona sababu mbili zinazohusu ufundi, nje ya siasa za kupata kabila lisilotisha wengine.

Ya kwanza ni lugha. Kipokomo ni cha kundi la Sabaki, pamoja na Kiswahili, Kimijikenda, Kielwana na Kikomoro. Silabi zake ni wazi, zinaishia kwenye irabu kama zetu. Mahadhi yaliyokuzwa ndani ya Kipokomo yana nafasi za kupumua ambazo Kiswahili kinazitambua mara moja. Ukijaribu kupachika maneno ya Kiswahili kwenye tuni ya Kiingereza, unajikuta unavuta silabi ya mwisho isiyostahili kuvutwa, jambo ambalo nyimbo za kanisani zilizotafsiriwa zimetuzoeza hadi hatulisikii tena. Hapa, mwendo wa sauti na mwendo wa neno vilikuwa ndugu tangu mwanzo.

Ya pili ni kwamba bembelezi ni sauti tupu. Halihitaji ngoma, zumari wala zeze; mtu, mtoto na mkono unaopigapiga mgongo vinatosha. Ala huweza kunyang'anywa. Wapokomo wanalijua hilo vizuri: ngadji, ngoma yao takatifu, ilichukuliwa wakati wa ukoloni, na hadi leo inatajwa kuwa katika hifadhi ya British Museum, London. Wimbo wa kumlaza mtoto haukuwa na kitu cha kuchukuliwa, ukabaki. Na kwa mpangaji wa sauti, wimbo usiotegemea ala ni zawadi, maana umbo lake lote limo kooni.

Pamoja na hayo, nyimbo za kikwaya hazikuwa ngeni mtoni. Wamisheni wa Kimethodisti walikuwa Golbanti miaka ya 1880, na Wajerumani wa Neukirchen wakafungua misheni Ngao mwaka 1887, mwendo mfupi kutoka Garsen ya leo. Kizazi baada ya kizazi cha Wapokomo wa sehemu ya chini ya mto kimekulia kati ya nyimbo za mama na nyimbo za vitabu vya ibada.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tatizo kubwa la bembelezi, ukitaka kulifanya wimbo wa taifa, ni kwamba halina mwisho. Mama harudii mara tatu akaacha. Anarudia hadi mtoto alale, na wimbo hukatika popote usingizi ulipofika. Wimbo wa gwaride lazima uishe, tena uishe mahali ambapo askari elfu moja watajua bila kuambiwa. Tazama namba zile tena: 10, 8, 7, halafu 9. Mishororo inapungua hatua kwa hatua hadi wa tano, kisha wa mwisho unanyooka ukawa mrefu. Ni kama mtu anayerudi nyuma kidogo kabla ya kuruka mtaro. Katika maneno ya Kiingereza ya ubeti huohuo jambo hilo limekolea zaidi: mshororo wa tano una silabi 5 tu, wa sita una 9. Huo ndio mlango uliopachikwa kwenye nyumba isiyokuwa na mlango, na naamini ndiyo sehemu ya kazi yao iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Kitu cha pili ni ngazi ya muziki. Nyimbo nyingi za taifa husimama kwenye meja, ngazi ya furaha na shangwe. Huu wa Kenya uko katika maina. Wageni huusikia kama wimbo wa huzuni, wengine huuliza kama kuna msiba. Jopo lingeweza kuunyoosha kwa urahisi. Kupandisha nusu hatua hapa na pale si kazi kwa mwanamuziki aliyesoma. Waliuacha. Nadhani huo uamuzi wa kutogusa ndio uliookoa kazi nzima, maana rangi ya bembelezi ingefutika na kubaki tuni ya bendi isiyo na kwao.

Halafu sauti. Mama mmoja akawa watu wanne: soprano, alto, teno na besi. Hapa ndipo ninapowakumbuka wale vijana wa Marekani wa miaka ya 1950 walioimba duwopu (doo-wop) kwenye kona za mitaa, wengi wao wakatoa sahani moja au mbili kisha wakasahaulika. Hawakuwa na pesa ya ala, wakafanya besi ya mtu iwe gitaa kubwa na silabi zisizo na maana ziwe ngoma. Njia yao na ya jopo letu ni ileile: sauti moja inaongoza, nyingine zinaijengea sakafu na paa. Tofauti ni kwamba wao walipanga kwa masikio kwenye kona zao, jopo likapanga kwa kalamu.

Na kuna mfano unaotukaribia zaidi. Mwaka 1939, Solomon Linda, Mzulu aliyekuwa na kundi la Evening Birds, alirekodi "Mbube" kwa kampuni ya Gallo mjini Johannesburg. Mahadhi aliyoyatoa papo hapo, kwa sauti ya juu ya kubana, yalivuka bahari, yakapitia kwa The Weavers, na mwaka 1961 vijana wa Brooklyn walioitwa The Tokens wakayafikisha namba moja Marekani katika mavazi ya duwopu. Linda alifariki 1962 akiwa maskini; familia yake ilipata suluhu ya kisheria mwaka 2006. Sikiliza rekodi zote mbili utaona upangaji unavyoweza kuboresha na kupora kwa mkono mmoja: umbo limekuwa safi zaidi, jina la mwenyewe limepotea.

Tana haikuporwa kwa namna hiyo. Hakuna aliyetajirika kwa wimbo wa taifa. Lakini namna ya kuandika sifa inafanana. Majina 5 ya jopo yanatajwa kamili, kisha muziki unaandikwa kuwa "wa asili". Kwa mazoea ya wakati ule, cha asili hakikuwa na mwenyewe. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi mwaka 2016, miaka 53 baada ya tukio. Jina la Mzee Meza limerudi midomoni kwa sababu ya waandishi wa habari na watu wa Tana River wenyewe, wala si kwa sababu ya karatasi ya muziki.

Maneno ya beti zote tatu yamo katika Jedwali la Pili la Katiba ya 2010, na hapo ndipo mshono unapoonekana wazi. Tuni ni moja, lakini mshororo wa kwanza una mizani 7 katika ubeti wa kwanza, 8 katika wa pili na 9 katika wa tatu. Ile 8 inapatikana ukiipa "m" ya "amkeni" silabi yake kama washairi wafanyavyo. Mwimbaji huimeza na kurudi kwenye 7. Ile 9 haimezeki. Inabidi noti mbili zipasuliwe, na kila kwaya hupasua mahali pake. Ndiyo maana watu wanaimba ubeti wa kwanza kwa kifua, wa pili kwa kukisia, na wa tatu wanamwachia kiongozi. Si uzalendo uliopungua, ni mizani.

Mwalimu wa kwaya wa Garsen au wa kwingineko anayetaka ubeti wa tatu uimbike, aanze na mshororo wa mwisho, ule wa "shukrani". Aufundishe bila kinanda, polepole kwa mwendo wa kubembeleza, "kra" ikiimbwa kwa pumzi moja. Baada ya hapo mshororo wa kwanza utakaa wenyewe, kwa kuwa waimbaji watakuwa wameshajua tuni inakubali kuvutwa wapi.