Orodha Iliyofungua Maktaba Zilizofungwa

Machi 2020 vyuo vikuu vya Marekani vilifunga milango kimoja baada ya kingine. Wanafunzi walirudi makwao, wahadhiri wakahamia Zoom, na vitabu vikabaki rafuni bila wa kuvigusa. Majarida hayakuwa tatizo kubwa, maana mengi yalikwisha kuwa mtandaoni miaka mingi kabla ya korona. Mzigo ulikuwa vitabu vya karatasi, hasa vile vya kati ya miaka ya 1930 na 1990, ambavyo havijawahi kuuzwa kwa njia ya kielektroniki na hakimiliki yake bado i hai. Mwanafunzi wa udaktari mwenye sura mbili za kumalizia hakuwa na pa kuvipata.

Jibu lilitoka Ann Arbor, jimbo la Michigan. Huko ndiko yaliko makao ya HathiTrust, umoja wa maktaba za vyuo vikuu ulioanzishwa 2008. Kufikia 2020 seva zake zilikuwa na nakala za kidijiti zaidi ya milioni 17, sehemu kubwa ikiwa imetokana na kazi ya Google ya kuskani vitabu vya maktaba kubwa. Lakini nakala nyingi zilikuwa chini ya hakimiliki. Msomaji aliruhusiwa kutafuta neno na kuambiwa limo ukurasa gani. Kuufungua ukurasa wenyewe, hapana.

Tarehe 31 Machi kufuli hiyo ililegezwa. Maktaba mwanachama ambayo dharura ilikuwa imeizuia kufanya kazi iliweza kuwafungulia watu wake nakala ya kidijiti ya kitabu ambacho yenyewe inacho kwa karatasi. Kama rafuni kuna nakala tatu, wanasoma watatu kwa wakati mmoja. Wa nne anangoja.

Kwa msomaji aliyejifungia chumbani, mambo yalikwenda hivi. Anatafuta kitabu, anaingia kwa akaunti ileile ya chuo anayosomea barua pepe, kisha anabonyeza kitufe cha kuazima. Anapewa dakika 60. Muda ukiisha na hakuna mwingine anayekingoja, anaongezewa. Akiwepo, kinakwenda kwa mwenzake. Kitabu kinasomwa ndani ya kivinjari, na kukipakua kizima hakuruhusiwi. Saa moja huonekana ndogo, na kwa anayesoma riwaya ni kweli. Ila mtafiti mara nyingi anataka kurasa kumi za sura ya nne, akizipata anaondoka. Uazimaji wa wiki mbili ungemfungia kitabu kimoja mtu mmoja ambaye huenda asingekifungua tena baada ya siku ya kwanza.

Ni rahisi kuzimwaga sifa za kazi hii kwa mashine za kuskani. Hapo ni kukosea mlango. Picha za kurasa zilikuwepo kwa zaidi ya muongo mmoja na hazikuwa zimemsaidia msomaji huyu. Kilichowezesha huduma kuanza ndani ya wiki chache tangu vyuo vifungwe ni kitu kisichomvutia mtu yeyote: orodha.

Kwa miaka kadhaa HathiTrust ilikuwa ikizitaka maktaba wanachama zitume faili la vitabu vyao vya karatasi. Ni faili la maandishi matupu, mstari mmoja kwa kila kitabu. Kila mstari una namba ya OCLC, yaani namba ya pamoja inayolitambulisha toleo katika katalogi za maktaba nyingi duniani, na namba ya kitabu katika katalogi ya maktaba husika. Kisha zinafuata alama fupi za hali ya kitabu: CH kama kipo, LM kama kimepotea, WD kama kimeondolewa, BRT kama karatasi zake zimechakaa kiasi cha kuvunjika. Kwa kazi zenye juzuu nyingi hutakiwa pia namba ya juzuu, kwa sababu mwenye juzuu ya 2 hana haki ya kusoma ya 5.

Awali orodha hiyo ilikuwa na kazi za kiofisi. Ilitumika kukokotoa ada, kwani mwanachama huchangia gharama za kutunza nakala zinazolingana na vitabu vyake. Ilitumika pia kujua ni nani anaweza kupewa nakala ya kidijiti badala ya kitabu kilichopotea au kuchakaa, jambo ambalo sheria ya Marekani inaliruhusu kwa masharti. Mkutubi aliyekaa mchana kutwa akisahihisha namba hizo bila shaka alishawahi kujiuliza zitamfaa nani. Dharura ilipotua, swali la "maktaba hii ina nakala ngapi za kitabu hiki?" lilikuwa limeshajibiwa kwa mamilioni ya vitabu. Kilichobaki ni kuunganisha jibu hilo na mlango wa kuingilia.

Umuhimu wa kuhesabu unaonekana zaidi ukiitazama maktaba nyingine ya mtandaoni. Tarehe 24 Machi, wiki moja kabla, Internet Archive ya San Francisco iliondoa foleni katika vitabu vyake milioni 1.4, kila mtu asome bila kungoja. Tarehe 1 Juni wachapishaji wanne wakubwa wakaishtaki, na katikati ya mwezi huo huduma ikafungwa. Ukweli usemwe, kuhesabu peke yake si kinga: mwaka 2023 mahakama ilikataa hata utaratibu wa zamani wa Internet Archive wa nakala moja kwa msomaji mmoja. HathiTrust ilikuwa na masharti zaidi. Huduma ilikuwa ya muda, kwa watu wa chuo husika tu, na ilitegemea vitabu vya karatasi kubaki bila kuazimwa.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililouma. Kitabu kilichofunguliwa mtandaoni hakikuweza kutolewa kwa mkono. Vyuo vilipoanza kurudisha wanafunzi, wakurugenzi wa maktaba wakabanwa katikati: ukirudisha uazimishaji wa kawaida, walio mbali wanapoteza mamilioni ya vitabu, ukiendelea na wa mtandaoni, mwanafunzi anasimama hatua chache kutoka rafuni na anaambiwa akasome kwenye skrini. Baadhi walizifunga rafu kwa miezi mingi kwa hiari, na kwa kipindi kile walikuwa na haki.

Afrika Mashariki haikuwemo katika huduma hii. Vyuo vya Tanzania vilifungwa Machi hiyohiyo hadi Juni, vya Kenya vikakaa zaidi, wala havikuwa wanachama. Tena, hata katika sehemu ya hazina iliyo wazi kwa umma, HathiTrust hutazama msomaji yuko nchi gani, kwa sababu muda wa hakimiliki hutofautiana. Kitabu cha Kiswahili kilichochapwa London au Berlin mwanzoni mwa karne ya 20 kinaweza kufunguka kwa aliyeko Chicago na kukataa kwa aliyeko Zanzibar. Kwa anayetafiti lugha yake mwenyewe, hilo linakera, hata kama ni la kisheria.

Kuiga huduma nzima hapa si rahisi. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001 zinaorodhesha matumizi yanayoruhusiwa, hazitoi ule uwanja mpana wa matumizi ya haki (fair use) uliomo katika sheria ya Marekani, ambao HathiTrust iliutegemea. Lakini orodha haihitaji kibali cha bunge wala mfadhili. Maktaba nyingi za vyuo Kenya, Tanzania na Uganda zinatumia Koha, programu ya bure ambayo tayari ina nafasi ya kuandika toleo, idadi ya nakala na kitabu kilichopotea. Wakutubi, hesabu ya vitabu ya likizo ijayo isiishie kwenye jumla inayopelekwa kwa mkuu wa chuo. Jazeni namba ya toleo kwa kila kitabu, andikeni kilichopotea kuwa kimepotea, na faili hilo mbadilishane na chuo jirani.