Jike Aliyefumba Mdomo

Jike yule alikuwa na siku tisa bila kula. Chembe za chakula zilipodondoka juu ya maji, wenzake walizirukia wakapigana vikumbo. Yeye akabaki nyuma ya jiwe, kidevu kimefura kama cha mtoto aliyejaza mahindi mdomoni na kukatazwa kutafuna. Nikasema huyu anakufa. Mwenyeji wangu hakuinuka kigodani.

"Mwanangu, huyo haumwi. Amebeba. Tulia, mtazame chini ya taya."

Nilitulia. Zikapita dakika nyingi kuliko nilivyozoea kukitazama kitu kimoja. Kisha ngozi ya taya ikacheza mara moja, kama ya mtu anayezungusha kokwa ya embe mdomoni, ikanyamaza tena. Alikuwa akiyageuza mayai yake.

Mwalimu, ndivyo tunavyomwita ingawa alistaafu zamani, anaishi Kitale. Mimi naishi Bungoma. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipanda matatu kwenda kwake, jerikani katikati ya miguu, kujifunza kufuga samaki katika tangi la kioo. Nimewahi kukaa na mafundi wa cherehani, wa baiskeli na wa kuchonga mbao, nikawasifu kwa wepesi wa mikono yao. Ufundi wa Mwalimu ni wa namna nyingine. Sehemu yake kubwa ni kujua wakati wa kutotia mkono majini.

Samaki yule ni fulu. Kando ya Ziwa Victoria, fulu ni visamaki vya miiba na vya bei ndogo. Watanzania huviita furu. Wataalamu wanawaweka katika ukoo wa sikilidi, ukoo ule ule wa ngege na wa tilapia anayekaangwa katika kila hoteli ya Kitale. Aina aliyonayo Mwalimu inaitwa Pundamilia nyererei. Jina la kwanza halihitaji kuelezwa kwa msomaji wa Kiswahili. La pili ni heshima kwa Mwalimu Julius Nyerere, na lilitolewa mwaka 1985 na watafiti Waholanzi waliokuwa wakichunguza samaki wa Ghuba ya Mwanza. Dume anapojisikia mwenye eneo lake, mgongo huwaka wekundu na ubavu hugeuka manjano, milia myeusi ikishuka juu ya umanjano huo. Akishindwa vita, rangi yote humtoka kwa muda mfupi, akawa kijivu kama jivu la jikoni. Jike ni kijivu siku zote.

Kila nikiwatazama hufikiria njia ya maji. Mto Nzoia huanzia milima ya Cherangany, ukapokea vijito kutoka Mlima Elgon, ukaporomoka Nabuyole pale Webuye, ukashuka hadi Budalang'i na kuingia Ziwa Victoria. Sisi wa Kitale na Bungoma tunaishi juu ya paa la nyumba ya fulu. Mtu anayewafuga huku hajaleta kitu kigeni sebuleni. Amempandisha jirani wa bondeni. Sikilidi wengine anaowafuga Mwalimu ni mbuna wa Ziwa Nyasa na wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Wote ni watoto wa bonde la ufa na maziwa yake, ingawa Wajerumani na Wamarekani wamewafuga na kuwaandikia vitabu miaka mingi kabla yetu.

Tangi lenyewe Mwalimu hakulinunua. Alikwenda kwa fundi wa vioo, akakatiwa vipande vya milimita 10, akaviunganisha mwenyewe kwa silikoni. Aliikataa silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo huua samaki. Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana wa 40 na kina cha 45. Piga hesabu: ni lita 216, yaani zaidi ya kilo 200 za maji kabla hujahesabu kioo, mchanga na mawe. Meza ya kawaida haibebi mzigo huo, kwa hiyo stendi yake ni ya chuma. Aliiacha silikoni wiki nzima hadi harufu yake kama ya siki ikaisha, akalijaza maji nje uani, akapitisha karatasi ya chooni kila pembe kutafuta unyevu. Siku tatu. Hapo ndipo lilipoingia ndani, na bado hakukuwa na samaki hata mmoja.

Mgeni wa kazi hii hudhani anafuga samaki. Anafuga maji kwanza. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula huzaa amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huweza kuistahimili ikiwa haijazidi. Bakteria hao hukaa kwenye sponji ya kichujio, juu ya mawe na katika mchanga, nao huchukua wiki 4 hadi 6 kustawi. Katika muda huo wote tangi linaonekana tupu na lisilo na kazi. Mwalimu alikuwa akitia chembe ya chakula kila siku ili kuwalisha viumbe asioweza kuwaona.

Mimi sikuwa na imani hiyo. Tangi langu la kwanza, Bungoma, nilipoona sponji imekuwa nyeusi niliitoa nikaisugua chini ya mfereji mpaka ikang'aa. Klorini ya maji ya mfereji ikawaua bakteria wote. Baada ya siku nne nilikuwa nimezika samaki sita chini ya mgomba. Nilipomweleza Mwalimu hakunikaripia. Alichota maji ya tangi lake katika ndoo, akaichovya sponji yake humo, akaikamua mara mbili tu, taratibu, akairudisha ikiwa bado na weusi. Kisha akanikatia kipande chake nikaende nacho, kimelowa, ndani ya mfuko. Kwa kipande hicho tangi langu lilipona.

Kila Jumamosi Mwalimu hutoa robo ya maji na kutia mapya yaliyolala usiku kucha katika pipa. Kabla ya kuyamimina hudondosha kidogo kwenye kifundo cha mkono, kama mama anavyopima maziwa ya mtoto. Kitale ni mji wa baridi. Uko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 11 au 12, ilhali fulu wanataka 24 hadi 27. Hita hufanya kazi usiku kucha, na nyuma ya kioo amebandika mbao nyepesi za povu ili joto lisitoroke. Sisi wa Bungoma, tulio chini yake kwa karibu mita 500, tuna nafuu.

Mwinuko una neno jingine ambalo wengi hawalijui. Hewa ya Kitale ni nyepesi, mgandamizo wake kama asilimia 80 tu ya ule wa Mombasa, na kwa sababu hiyo maji yake hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Tangi ambalo Mombasa lingewatosha samaki ishirini, huku liwekewe pungufu, na pampu ya hewa isilale. Nilikuwa kwake usiku mmoja stima ilipopotea. Mwalimu alifunika tangi kwa blanketi pande tatu, akachukua kata, akawa anachota maji na kuyamimina tena kutoka juu, ili yaanguke na kubeba hewa. Kata moja, nyingine, nyingine. Tulipokezana hadi saa tisa za usiku. Hakuna aliyezungumza sana, na hakuna samaki aliyekufa.

Nirudi kwa jike wetu. Uzazi wa fulu huanza kwa dume kusafisha uwanja wake juu ya jiwe au mchangani. Humtikisia jike ubavu, hujipinda, hutanua mapezi. Jike akikubali, wawili hao huzunguka duara. Jike hutaga mayai machache na papo hapo kugeuka kuyaokota kwa mdomo. Dume ana madoa ya manjano kwenye pezi la chini, ya duara, yanayofanana na mayai. Jike huyafuata madoa hayo kana kwamba ni mayai mengine aliyoyasahau, hufungua mdomo karibu nayo, na hapo hupokea mbegu za dume. Mayai hurutubishwa mdomoni. Wolfgang Wickler aliieleza siri ya madoa hayo mwaka 1962.

Jike huchagua dume kwa rangi. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997, katika jarida la Science, kwamba pale ambapo maji ya Ziwa Victoria yamechafuka na mwanga kupungua, majike hushindwa kumtofautisha dume mwekundu wa aina moja na dume wa buluu wa aina ya jirani, na aina mbili huanza kuyeyuka kuwa moja. Tangu alipoujua utafiti huo Mwalimu hatumii taa ya rangi, hata ile ya buluu inayopendeza macho ya wageni. Taa yake ni nyeupe. Aina moja, tangi moja. Kuna wanaochanganya ili wapate rangi mpya ya kuuza. Kwangu mimi huo ni uharibifu, kwani kizazi kikishachanganyika hakuna ufundi wa kukitenganisha.

Jike hubeba kwa wiki 2 hadi 3. Wafugaji wenye pupa humkamata wakamfungua taya na kuyamwaga mayai ili wayaangue kwenye chupa. Mwalimu husubiri. Siku za mwisho, usiku, taa zikiwa zimezimwa, humchota kwa bakuli, si kwa wavu, humhamishia tangi dogo lenye maji yale yale. Asubuhi ya siku ya 19 alinipigia simu nije. Nilifika wamekwisha kutoka, vifaranga kama ishirini na tano, kila kimoja kikubwa kama punje ya mtama. Nilipoinama ghafla, mama akafungua mdomo na wote wakaingia, kama vifaranga chini ya bawa la kuku. Alikuwa amekonda, mgongo umekaa kama kisu.

Katika tangi la pili yuko pleko, jamaa wa kambare, mwenye asili ya mito ya Amerika Kusini. Mwili wake umevikwa vibamba vigumu badala ya magamba laini, na mdomo uko chini, wa kunyonya, wa kujibandikia jiwe katika maji ya kasi. Aina zake ni nyingi kiasi kwamba mwaka 1988 jarida moja la Ujerumani, DATZ, lilianza kuzipa namba kwa sababu wataalamu walikuwa nyuma katika kuzipa majina. Wauzaji humnadi kuwa ndiye msafishaji wa tangi. Si kweli. Hula mwani, ndiyo, lakini huchafua kuliko anavyosafisha. Wa Mwalimu hula tango, malenge na jani la sukuma wiki lililochemshwa kidogo, na hukwangua kipande cha mpera mkavu alichokichemsha na kukiloweka hadi kikazama.

Aina hii ndogo, Ancistrus, dume lake lina vijinyama usoni kama ndevu zilizosimama. Mwalimu alimwekea kipande cha bomba la plastiki kilichozibwa upande mmoja. Jike alitaga humo kishada cha mayai ya rangi ya chungwa, akaondoka zake. Baba akabaki. Kwa siku tano aliyapepea kwa mapezi usiku na mchana, akiyapitia moja moja kwa mdomo, na yalipoanguliwa aliendelea kuvilinda vifaranga mpaka vikamaliza kiini chao cha njano. Mwalimu huwa na tangi la mama mlezi na tangi la baba mlezi, ukuta mmoja, na jioni husogeza kigoda kutoka huku kwenda kule.

Kazi hii imebeba mambo mazito kuliko burudani. Mbuta, samaki mkubwa anayekula wenzake, aliyetiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 alistawi mno kufikia miaka ya 1980, na pamoja na uchafu wa maji na uvuvi, inakadiriwa aina 200 hivi za fulu zilitoweka. Ngege asilia naye karibu aishe ziwani. Kimbilio lake limekuwa maziwa madogo kama Kanyaboli, kule Siaya. Kizazi cha fulu kilichotunzwa bila kuchanganywa, hata kama ni ishirini na tano tu sebuleni Kitale, kina thamani ambayo duka haliwezi kuipangia bei.

Ndiyo maana nina ombi moja kwa wafugaji wenzangu wa Trans Nzoia na Bungoma. Pleko hukua; wale wakubwa hupita sentimita 40, tangi likawashinda wenyewe. Anaweza kuvuta hewa kutoka juu ya maji na kuishi mahali ambapo samaki wengine hufa. Mexico, katika bwawa la Infiernillo, pleko waliotoroka au kuachiliwa walizaana hadi wakajaza nyavu za wavuvi wa tilapia, na mashimo wanayochimba kwa ajili ya mayai hubomoa kingo. Mto wetu unaishia kwa fulu na ngege. Ukichoka na pleko wako, mpe mfugaji mwingine, au uniletee mimi Bungoma nikutafutie wa kumpokea. Usimtie Nzoia.