Waliolala na Walio Pamoja na Kristo: Uhakiki wa Hoja ya Oscar Cullmann

Mchungaji asimamaye kaburini hukabiliwa na maandiko yanayoonekana kupingana. Mhubiri asema kwamba wafu hawajui lolote (Mhu. 9:5), Bwana amwahidi mhalifu aliyetubu kuwa naye peponi siku iyo hiyo (Lk. 23:43). Paulo naye awaita marehemu waliolala (1 The. 4:13), lakini atamani kuondoka akae na Kristo (Flp. 1:23). Je, Biblia yajipinga?

Oscar Cullmann, mtaalamu wa Agano Jipya, alilishughulikia swali hili katika mhadhara wake wa mwaka 1955 katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alikilinganisha kifo cha Sokrates, aliyekunywa sumu kwa utulivu, na huzuni ya Yesu kule Gethsemane. Kwa Wayunani, alidai, roho haifi kwa asili yake, kwa Biblia, kifo ni adui (1 Kor. 15:26), na tumaini letu ni ufufuo. Hoja hiyo yafaa sana. Yatuzuia kukipamba kifo na kukiita rafiki mbele ya watu wanaolia.

Hata hivyo, mgawanyo wake kati ya Wayunani na Waebrania ni mkali mno. Hekima ya Sulemani, kitabu cha Kiyahudi kilichoandikwa kwa Kiyunani, chasema kwamba roho za wenye haki zimo mkononi mwa Mungu (3:1). Tena, ndani ya Agano la Kale lenyewe, Mhubiri hana habari ya ufufuo, ilhali Danieli awaona waliolala mavumbini wakiamka (Dan. 12:2). Basi tofauti haikuletwa na Wayunani peke yao. Imo pia katika historia ya imani ya Israeli.

Kwetu kuna ugumu mwingine. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 yatumia neno "kuzimu" katika Mhubiri 9:10, penye Sheoli ya Kiebrania, na katika Luka 16:23, penye Hadesi ya Kiyunani. Pa kwanza hapana kazi wala maarifa. Pa pili tajiri aona, ateseka na kuomba. Isitoshe, neno lenyewe lina undugu na "mizimu", hivyo msikilizaji huja na picha yake kabla hatujafafanua andiko.

Luther, akimwandikia Amsdorf mwaka 1522, alielekea kukubali kwamba roho za wenye haki hulala, lakini hakuthubutu kuifanya kanuni kwa wote, akiwakumbuka Musa na Eliya. Kiasi hicho chatufaa. Cullmann mwenyewe alikiri kwamba waliokufa katika Kristo wako karibu naye, wakiungoja ufufuo.

Tukimwambia mjane kwamba mumewe amekwisha kupokea yote, ufufuo wa mwili tunaoukiri katika Imani ya Mitume wabaki bila kazi. Tukimwambia kwamba hakuna kitu hadi siku ya mwisho, twainyamazisha ahadi ya msalabani. Luka 23:43, Wafilipi 1:23 na 1 Wathesalonike 4:17 hazitupi ramani ya ahera, bali zote tatu zasema "pamoja na" Bwana. Neno hilo latosha kuhubiriwa kaburini, na ufufuo utangazwe papo hapo, kwa kuwa adui bado hajabatilishwa.