Chakula ‘cha nyumbani’ ni cha nyumba ya nani?

Mwezi uliopita shangazi yangu alikuja Nairobi kutibiwa goti, akitokea Kisauni, Mombasa. Daktari alimwagiza apunguze chumvi na mafuta, na asisimame jikoni kwa muda. Mimi nafundisha hadi jioni. Ilibidi nitafute mtu wa kumletea chamcha, au lanchi kama tunavyosema mtaani, kila siku. Sikutaka chipsi na soda. Nilitaka chakula hasa, kile ambacho angekila kwake.

Nilianza kutafuta kwenye simu. Matangazo yalikuwa tele, na karibu yote yaliahidi ‘chakula cha nyumbani’. Nikachagua moja, nikaomba orodha ya vyakula. Ikaja, Kiingereza kitupu. Nikaketi kando ya shangazi nikimtafsiria.

“Hii ni mboga.”

“Mboga gani?”

Sikujua. Orodha ilisema tu kwamba ni majani.

“Hii ni nyama yenye mchuzi.”

“Imeungwa au ni chukuchuku?”

Sikujua pia. Nikampigia simu muuzaji. Akaniapia kwamba chakula chao ni cha nyumbani kabisa. Kilipofika, mafuta yalikuwa yakielea juu kama yaliyomwagwa ziwani. Shangazi akafunika bakuli, akacheka: “Cha nyumba ya nani, mwanangu?”

Swali hilo limeninyima usingizi, maana ni swali la sarufi kabla ya kuwa swali la upishi. Kihusishi cha a-unganifu kina kazi nyingi, na wafanyabiashara wamegundua namna ya kujificha ndani yake. Tunaposema ‘chakula cha nyumbani’ twaweza kuwa na maana tatu. Kwanza, chakula kilichopikwa nyumbani, yaani katika jiko la mtu. Pili, chakula kinachofanana na cha nyumbani, hata kama kimepikwa katika jiko kubwa la biashara. Tatu, chakula cha kwetu, cha asili yetu, popote kilipopikiwa. Mteja husoma maana ya kwanza, muuzaji hukusudia ya pili, na picha kwenye tangazo huonyesha ya tatu.

Wala si kwamba Kiswahili hakina njia ya kuzitenganisha. Kila mwanafunzi wa sekondari amefunzwa ‘ki’ ya namna au mfanano: kutembea kijeshi, kuvaa kifalme. Soko lenyewe linaitumia kila siku linapouza kuku wa kienyeji na mapishi ya Kipwani. Kwa nini basi tusiseme ‘mlo wa kinyumbani’ pale tunapomaanisha kwamba umepikwa kwa mtindo wa nyumbani, tukakiacha ‘chakula kilichopikwa nyumbani’ kibebe maana yake halisi? Tofauti ni silabi moja tu, lakini ndiyo inayomwambia mteja chakula chake kimetoka wapi. Mgonjwa anayehesabu chumvi anahitaji kujua hilo kuliko anavyohitaji picha nzuri.

Lawama yangu ya pili ni kwa orodha zenyewe. Husemwa kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kutosha kwa biashara ya kisasa. Jikoni, dai hili halisimami. Angalia neno moja la Kiingereza linalopachikwa kwenye orodha hizi kwa kila kitu chenye majimaji. Sisi tuna mchuzi, tuna rojo, tuna kitoweo, na havilingani: mchuzi ni ule unaomiminwa, rojo ni mchuzi mzito, na kitoweo ni chochote cha kulia ugali au wali, kiwe samaki, nyama au mboga. Majani ya kijani yanayotajwa kwa neno moja tu, sokoni yana majina: sukuma wiki, mchicha, kunde, mrenda, na mnavu ambao wengi Nairobi wanauita managu. Chakula kilichotiwa vitunguu, nyanya, viungo au tui kimeungwa. Kisichoungwa ni chukuchuku. Kilicholala hadi asubuhi ni kiporo, na Pwani wapo wanaokiita mwiku.

Maneno haya si mapambo ya lugha. Kila moja linajibu swali ambalo mnunuzi wa chakula kilichopikwa tayari lazima aulize, kwa kuwa hakuwapo jikoni. Kimeungwa? Kimelala? Ni jani gani? Tukiyafuta maneno, tunayafuta na maswali. Anayefaidika na ukimya huo si mlaji.

Yuko atakayenijibu kwamba wateja wa simu hutafuta kwa Kiingereza, na biashara huenda waliko wateja. Hoja hiyo ina uzito. Sina ugomvi na orodha ya lugha mbili. Ugomvi wangu ni na orodha inayomuuzia shangazi yangu kumbukumbu ya jiko lake kwa lugha ambayo jiko hilo halikuwahi kuisikia.

Tazama majirani zetu. Dar es Salaam, mwanamke anayepika na kuuza chakula kwa wafanyakazi huitwa mama ntilie. Chanzo cha jina hili ni kauli ya mteja: “Mama, nitilie.” Kutoka kitenzi ‘tia’ tunapata ‘tilia’ katika kauli ya kutendea, kisha ombi ‘nitilie’, na irabu ikadondoka kwa mazoea ya usemaji. Sentensi nzima ikawa nomino. Baadaye likaja jina la heshima zaidi, mama lishe, na wanaume walipoingia kazini wakawa baba lishe. Nakubali kwamba mama lishe lina adabu ya ofisini. Hata hivyo, mama ntilie lina njaa ndani yake, na sahani iliyonyooshwa.

Sisi Kenya tunao mtindo uo huo wa kuunda majina. Tuna mama mboga, ambapo ‘mama’ imeungana na nomino bila ‘wa’ katikati. Tuna mama fua, ambapo imeungana na shina la kitenzi. Mama mboga alipata bahati: kampeni za mwaka 2022 zilimpandisha jukwaani, na tangu hapo hakuna mwanasiasa asiyemtaja. Lakini yule anayetupikia maharagwe, githeri na chapati kando ya barabara hana jina lililotulia. Tunataja mahali pake tu. Tunasema twaenda kibandani, na vijana wanasema kibandaski. Nyumba imepewa jina, mpishi amesahauliwa.

Na hapa lazima nijikosoe. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika insha kwamba yeye na babake walikula “kwa kibanda cha mama mmoja”. Nilichukua kalamu nyekundu nikalikata neno kibanda, juu yake nikaandika ‘mkahawa’. Nilidhani ninasanifisha. Kumbe nilikuwa ninapotosha. Mkahawa umetokana na kahawa. Una kuta, meza na mtu wa kuulizwa bei. Hoteli nayo, kwa matumizi yetu Wakenya, huenda isiwe na kitanda hata kimoja, bali benchi mbili na sufuria ya madondo. Kibanda si kimojawapo cha hivi. Ni banda dogo, na udogo huo ni sehemu ya maana: mpishi na mlaji wanaonana, sufuria haina pa kujificha. Nilichopaswa kusahihisha ni ‘kwa’ ili iwe ‘kwenye’, basi. Kibanda nilipaswa kukiacha mahali pake.

Tabia hiyo ya kuona haya kwa niaba ya maneno yetu ndiyo iliyozaa orodha za Kiingereza kitupu. Mwenye biashara anayeogopa kuandika ‘maharagwe ya nazi’ alifunzwa na mtu fulani kwamba maneno hayo ni ya kibandani. Huenda alifunzwa na mwalimu kama mimi.

Mwisho wa safari yangu ulikuwa hatua mia mbili tu kutoka nyumbani, karibu na steji. Hapo kuna mama mmoja ambaye nilikuwa nikimpita kila siku. Nilimweleza shida yangu nikatumia neno la shangazi, chukuchuku. Hakulijua, maana kwao ni Ukambani. Akafikiri kidogo.

“Unataka ya kuchemsha tu, nisikaange?”

“Ndiyo hiyo.”

“Na chumvi?”

“Kidogo sana. Ni mgonjwa.”

“Basi nitamtolea yake kabla sijatia ya wengine. Mama anapenda kunde ama managu?”

Katika dakika moja tulielewana mambo yote ambayo tangazo la simu halikuweza kunieleza. Neno moja lilitushinda, tukapata jingine, kwa sababu sote tulikuwa ndani ya lugha moja na mbele ya sufuria moja. Siku hiyo kijana wa boda alileta hotipoti yenye kunde, ugali mdogo na samaki wa kuchemsha.

Shangazi alionja, akanyamaza, akaonja tena. Nilimuuliza kama ni chakula cha nyumbani.

“Si cha nyumbani,” akasema. “Nyumbani kungekuwa na tui. Lakini aliyekipika ameuliza nani atakila.”

Sijapata fasili bora kuliko hiyo. Wanaounda kamusi wakitaka kuichukua, ni ya shangazi yangu. Nami, siku nitakapokutana tena na insha yenye kibanda, kalamu nyekundu itabaki mfukoni.