Video Fupi za Nyumbani Kwetu

Kuanzia Kayanga hadi Murongo, siku hizi hakuna harusi ambako simu haziinuliwi juu. Sitazungumzia harusi. Sherehe zilikuwa na wapiga picha wake tangu zamani. Nazungumzia zile video fupi, za nusu dakika au dakika moja, ambazo vijana wetu wa Karagwe na Kyerwa huzipiga nyumbani siku ya kawaida: mama anamenya ndizi, babu anaanika kahawa, watoto wananyonyoa senene barazani. Nimetazama nyingi, na kwa kuwa sijaona mtu anayezihakiki, nimejipa kazi hiyo.

Watu wa rika langu husema ubaya wake ni ufupi. Sikubaliani nao. Mwaka 1895 ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha filamu zao za kwanza mjini Paris, na hakuna iliyopita sana dakika moja. Mojawapo yaonyesha Auguste na mkewe wakimlisha mtoto wao mchanga nje ya nyumba. Hakuna zaidi. Inasimuliwa kwamba watazamaji walistaajabia zaidi majani ya miti nyuma ya mtoto, yalivyokuwa yakitikiswa na upepo. Kamera ilisimama mahali pamoja, haikugeuka kushoto wala kulia, basi kila kilichokuwapo mbele yake kikaingia.

Vijana wetu hawana subira hiyo. Simu huanzia usoni, hukimbilia sufuriani, kisha humgeukia mpigaji mwenyewe anayecheka. Mikono, ambayo ndiyo yenye elimu, haionekani. Ndizi mbichi ina utomvu unaong'ang'ania vidole, na kila mama ana namna yake ya kukishika kisu. Hata migomba iliyo nyuma yake hupita kama kivuli. Nasi tunajua kwamba tangu mnyauko uingie mkoani Kagera mwaka 2006, shamba la jana si lazima liwe la kesho.

Kisha mpigaji husema, “Bibi, ongea Kiswahili, watu waelewe.” Bibi aliyekuwa akimkaripia mbuzi kwa Kinyambo hutengeneza kanga, hukaa wima, akasalimia kama mtu anayehojiwa redioni. Nilipokuwa chuoni, tukienda kuwakagua wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, niliketi nyuma ya darasa na kwa dakika kumi za mwanzo sikuandika kitu. Katika dakika hizo mwanachuo humfundisha mkaguzi. Baadaye ndipo huanza kuwafundisha watoto, na hapo ndipo nilipofungua daftari.

Nikisoma habari za Karagwe ya zamani namfikiria Grant. Yeye na Speke walifika kwa Mfalme Rumanyika mwezi Novemba 1861. Speke, pamoja na mengine, alimpima unene shemeji mmoja wa mfalme kwa kipimo, na Januari akashika njia ya Buganda. Grant alizuiwa na mguu uliokuwa mgonjwa. Akabaki hadi Aprili, naye alikuwa mtu wa kuchora. Sisemi vijana waugue miguu. Nasema mgeni anayekaa miezi hatimaye huzoeleka, na watu wakirudi kwenye shughuli zao ndipo huwa na cha kuona.

Lakini kosa kubwa kuliko yote ni muziki. Dada yangu mkubwa alipofariki, tulikusanya simu za wajukuu wake ili tuisikie sauti yake. Tukapata video 11. Katika 9 midomo yake inacheza, ila kinachosikika ni wimbo wa kijana fulani wa mjini. Katika 2 zilizobaki anasema “Hamjambo wote” kwa Kiswahili, basi. Huyu ni mtu aliyekuwa na methali ya Kinyambo kwa kila tukio, aliyeweza kumtania hata padre. Fundi wa simu alituambia kwamba wimbo ukishawekwa namna ile, na video ya awali imefutwa kupunguza mzigo wa simu, sauti ya chini yake hairudi.

Video nzuri kuliko zote nilizoziona ilipigwa Nkwenda. Kijana aliiegemeza simu dirishani, akaitwa kushika ndama, akaisahau. Kwa dakika moja na nusu wanawake watatu wanapura maharage uani. Hakuna anayeitazama simu. Mmoja anakohoa, mwingine, asiyeonekana, anauliza chumvi imewekwa wapi, naye anajibiwa kwa mzaha ambao siwezi kuuandika hapa. Kuku anapita. Fimbo zinapishana, moja ikipanda nyingine ikishuka, wala hazigongani.

Kijana alitaka kuifuta. Nikamwomba anitumie kwanza. Amenitumia, na yake ameiacha simuni, lakini amenieleza kwa heshima zote kwamba hawezi kuiweka kwenye stetasi ya WhatsApp, hata kwa zile saa 24 tu, maana haina kitu.